Darasa limechangamka, Kiingereza bado kimelala

Shikamoo Mwalimu,

Nafundisha Kiingereza vijana wa miaka 14 na 15. Darasani wako 48. Tangu mwaka huu wa masomo uanze tumepata projekta, spika, na vishikwambi 12 tunavyopokezana na darasa la jirani. Intaneti ipo, ila ina kawaida ya kupotea pale ambapo umeshasema "haya, fungueni".

Mkuu wetu wa shule ameagiza kila andalio la somo lioneshe TEHAMA imetumika wapi. Kuna kisanduku kabisa cha kujaza, na kikiwa kitupu andalio linarudishwa. Basi nimekuwa nikikijaza. Jumatatu Kahoot! (ule mchezo wa maswali ya kuchagua wa mtandaoni), Jumatano Kahoot!, Ijumaa video ya YouTube. Watoto wanapenda mno. Nikiingia tu na kebo ya projekta mkononi wanapiga makofi, na wale wa nyuma waliokuwa wakisinzia sasa wanagombania kishikwambi. Wageni wakija shuleni, darasa langu ndilo wanaloletwa kutazama.

Tatizo naliona nikifungua madaftari. Nina kijana mmoja, tumwite Bingwa, kwa sababu kwenye jukwaa la washindi hashuki. Swali likihusu wakati uliopita wa "go", anabofya "went" kabla wenzake hawajamaliza kusoma. Majuzi niliwapa waeleze aya moja tu kuhusu mwisho wa juma. Bingwa akaandika: "Yesterday I go to my uncle and we go to the river." Wala si yeye peke yake, ni karibu darasa zima. Nikiwaambia wasimame wazungumze, wanatazama sakafu. Mwenzangu mmoja wa idara, mzee wa chaki, amenicheka: "Umewafundisha kubofya." Nilikasirika, lakini sikuwa na la kumjibu.

La pili ni zito zaidi. Insha za kufanyia nyumbani siku hizi wananitumia kwa simu, na zinakuja safi kupita kiasi. Sita zilianza kwa maneno yaleyale, "In today's fast-paced world", na walioziandika wala hawakai pamoja. Nilipowasomea kwa sauti walicheka wenyewe. Ila kuna binti mmoja, mpole, haongei, msomaji sana. Insha yake ilikuwa ya sentensi fupifupi, haina kosa. Mwenzangu akanishauri niipitishe kwenye tovuti moja ya kugundua maandishi ya akili unde. Ikatoa asilimia 84 mashine. Nilipomuuliza binti alilia, akasema ameandika mwenyewe. Idara inataka apewe sifuri ili iwe fundisho kwa wengine. Mimi bado sijaweka alama yoyote.

La mwisho ni la mfuko. Programu ya kadi za maneno ninayoitumia imeanza kunifungia baadhi ya vitu, inataka nilipie kwa mwaka. Shule haitoi. Nitoe mfukoni mwangu?

Nisaidie. Sitaki kurudi kwenye chaki tupu, lakini pia sikusomea ualimu ili niwe mwendesha michezo.

Mwalimu wa Kebo

* * *

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Nianze na binti, maana mengine yote yanaweza kusubiri, lake haliwezi.

Usimpe sifuri. Ile asilimia 84 si ushahidi wa jambo lolote. Tovuti hizo hazijui ni nani aliyeandika. Zinachopima zaidi ni jinsi maneno yanavyotabirika. Neno likifuatwa na neno ambalo wengi wangelitarajia, tena mara nyingi mfululizo, chombo kinasema hii ni mashine, kwa kuwa akili unde nayo huandika kwa kufuata maneno yenye uwezekano mkubwa wa kuja. Sasa jiulize ni nani mwingine huandika hivyo. Ni mwanafunzi wa Kiingereza aliye makini. Ana maneno machache anayoyaamini, anatumia miundo aliyofundishwa, anakwepa sentensi ndefu asije akajikwaa. Wewe ndiye uliyemwelekeza aandike hivyo, na alipotii akaitwa mwongo.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vigunduzi 7. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa kazi ya mashine, ilhali insha za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote bila matatizo. Mwaka huohuo OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kigunduzi chake yenyewe mwezi Januari, na ilipofika Julai ikakiondoa ikieleza kwamba usahihi wake ni mdogo. Walioiunda mashine wameshindwa kuitambua sauti yake kwa uhakika, halafu idara yenu imhukumu mtoto kwa tovuti ya bure! Mambo hayo mawili yapeleke kwenye kikao cha idara, kwa upole, kabla hawajafanya uamuzi wenye jina la mtoto ndani yake.

Na binti mwenyewe? Mwite pembeni, mkiwa wawili, mlango ukiwa wazi, insha ikiwa mezani. Kwanza mwombe radhi kwa machozi ya siku ile. Hilo halikupunguzii hadhi. Kisha muulize mambo mawili: ni sentensi ipi ilimsumbua kuiandika, na angepewa aya moja zaidi angeongeza nini. Ajibu kwa lugha anayoimudu. Mtoto asiyeongea akikwama kwa Kiingereza mbele yako, hilo halithibitishi kitu. Ndivyo alivyo kila siku. Siku nyingine, pamoja na darasa zima ili asijione kama mshtakiwa, wape aya ya dakika 15 kwa kalamu, mada iliyo karibu na ile ya insha. Ukisoma ya kwake usitazame ubora, maana nyumbani alikuwa na muda na kamusi. Tazama mkono wake: maneno anayoyapendelea, anavyounganisha sentensi, anavyoanza aya. Ukiukuta mkono ni uleule, mpe alama zake zote na umwambie kwa maneno kwamba umemwamini. Ukiukuta ni tofauti kabisa, aandike upya darasani, na mambo yaishie hapo.

Wale sita wa "fast-paced world" wamekupa somo zima bila wewe kuandaa chochote. Chukua insha mojawapo, ondoa jina, iweke kwenye projekta. Kila kundi litafute sentensi ambayo mwandishi huyu peke yake angeweza kuiandika: yenye mtu anayemfahamu, tukio alilolishuhudia, kitu alichokishika. Watahangaika sana. Kisha kila kundi liandike upya aya ya kwanza, likianza na jambo lililompata mmoja wao. Hapo projekta imefanya kazi ambayo ubao usingeweza, maana macho ya watoto 48 yako kwenye maandishi mamoja na mnayachambua mstari kwa mstari.

Kwa insha zijazo, kuwatazama kama polisi hakutakufikisha mbali. Badili utaratibu. Rasimu ya kwanza iandikwe darasani, kwa kalamu, dakika 20, na wewe uitie sahihi hata ikiwa imejaa makosa. Ya pili wakaifanyie nyumbani na wanaruhusiwa msaada wowote, kaka, kamusi, hata akili unde. Wakirudi, walete rasimu zote mbili pamoja na orodha fupi: mabadiliko matatu waliyoyakubali na moja walilolikataa, na kwa nini. Hilo la kukataa ndilo ninalolipenda, kwa sababu huwezi kukataa pendekezo usilolisoma. Anayeandika kwenye Google Docs unaweza kumfungulia historia ya matoleo ukaona insha ilivyokua kidogokidogo. Iliyoingia yote kwa mpigo mmoja nayo inaonekana. Itumie kuanzishia mazungumzo.

Wafundishe pia namna ya kuiagiza mashine. Ukiiambia "nisahihishie", inakurudishia kazi safi ambayo hujajifunza kitu kwayo. Iambie: "Nioneshe tu mistari yenye makosa, usiyasahihishe, nitajie ni kosa la aina gani, nami nitatafuta mwenyewe." Tofauti ni kubwa. Lakini kumbuka umri: masharti ya ChatGPT yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na walio chini ya 18 wawe na ruhusa ya mzazi. Wa kwako wote wanahitaji ruhusa hiyo. Kama hujaipata, akaunti iwe yako, iwe kwenye projekta, na darasa likuagize wewe cha kuandika.

Sasa Bingwa.

Mzee wa chaki amekuonea kidogo. Ulichowafundisha ni kutambua. Bingwa anaiona "went" katikati ya maneno manne na anaijua, kama unavyoujua uso wa mtu barabarani ilhali jina lake haliji. Kuitoa kichwani wakati haipo mbele ya macho ni kazi nyingine kabisa, na hiyo bado hujampa. Mchezo wenyewe hauwezi kumpa. Tazama ulivyoundwa: swali liko kwenye projekta, majibu manne kwenye kishikwambi, pembetatu nyekundu, almasi ya bluu, duara la njano, mraba wa kijani. Anayejibu mapema anapata hadi pointi 1,000, na pointi zinapungua kila sekunde inavyopita. Asiyejua lolote ana nafasi moja kati ya nne. Mtoto mwerevu hugundua haraka kwamba kuisoma sentensi yote ni hasara. Anatafuta umbo la jibu, anabofya, anashangilia. Bingwa hana kosa. Ameusoma mchezo akauweza.

Usiuache, lakini ubadilishe. Una watoto 48 na vishikwambi 12, yaani wanne kwa kimoja, na Kahoot! ina namna ya kucheza kwa timu. Ongeza muda wa kila swali. Unaweza kufikisha hata dakika nne, ila moja au mbili zinatosha. Baadhi ya maswali yaondolee pointi. Halafu weka sheria yako: hakuna kidole kinachogusa kioo kabla wote wanne hawajakubaliana na mmoja wao hajaitamka sentensi nzima, na zamu ya kutamka izunguke. Jibu likishaonekana, zima projekta. Kila mtu aandike sentensi yake mwenyewe, ya kweli, kwa neno lile, bila chaguo lolote mbele yake. Maswali matano namna hiyo yanamaliza nusu ya kipindi. Ni sawa kabisa.

Kitu kingine ambacho nadhani hukifungui: mchezo ukiisha unabaki na ripoti. Humo utaona ni maswali yapi wengi waliyakosa. Walimu wengi huishia kwenye jukwaa la washindi na muziki wake, wakati hazina iko kwenye ukurasa huo mkavu. Chukua maswali matatu yaliyokosewa zaidi, na kesho yake uanze nayo ubaoni bila majibu ya kuchagua. Hapo utajua nani alijua na nani alibahatisha.

Siku ambazo vishikwambi viko kwa jirani, ijaribu Plickers. Inahitaji simu yako tu. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi usiofanana na wa mwenzake, na kila upande wa mchoro una herufi ndogo, A, B, C au D. Anageuza kadi ili herufi ya jibu lake iwe juu, wewe unapitisha kamera ya simu juu ya darasa, na majibu yote yanaingia. Jirani hawezi kunakili kirahisi kwa sababu michoro haifanani na herufi ni ndogo. Ni zilezile chaguo nne, hivyo usitegemee itawafundisha kuongea. Lakini inakuambia ndani ya nusu dakika kama uendelee au urudie, na hakuna muziki wa kuwapandisha presha.

Kuongea kwenyewe ndiko kunakodai muda wako mwingi, na kifaa kinachohitajika ni kidogo. Piga hesabu. Kipindi cha dakika 40 kwa watoto 48, wakisimama mmojammoja, kila mmoja anapata sekunde 50, tena kama wewe hutasema hata neno. Ndiyo maana wanatazama sakafu; hawajawahi kupata muda wa kufanya mazoezi kabla ya kutazamwa na darasa zima. Kuna mbinu ya miaka mingi, iliyoelezwa na Keith Maurice mwaka 1983, ya kuzungumza kwa dakika nne, halafu tatu, halafu mbili. Wanakaa wawiliwawili. Mmoja anasimulia jambo kwa dakika nne, mwenzake anasikiliza bila kukatiza. Wanabadilisha wenzi, anasimulia jambo lilelile kwa dakika tatu. Wanabadilisha tena, sasa dakika mbili. Kwa kuwa habari ni ileile, kichwa hakihangaiki kutafuta la kusema, kinahangaika na lugha tu, na muda unaopungua unamlazimisha asikwamekwame. Kwa vijana wako dakika nne ni nyingi, anza na tatu, mbili, moja. Kila mtoto anakuwa ameongea dakika sita, na kwa zamu zote mbili darasa limetumia dakika 12, ukiacha muda wa kuhama viti.

Kuna tahadhari moja ambayo wengi huiruka. Kurudia peke yake kunaleta wepesi, hakurekebishi makosa; anayesema "I go yesterday" mara tatu anaikaza. Kwa hiyo raundi ya kwanza pita katikati ya madawati ukiwa na karatasi, usimsahihishe mtu, andika tu sentensi tatu ulizozisikia. Kabla ya raundi ya pili ziweke ubaoni bila majina, mzirekebishe pamoja, ndipo muendelee. Utaisikia "went" ikianza kutoka midomoni katika raundi ya tatu, bila mtu kuwaonesha chaguo.

Teknolojia ya somo hilo ni nini? Projekta inaonesha saa inayohesabu kurudi nyuma na picha mbili za kuanzishia mazungumzo. Vishikwambi vinarekodi raundi ya mwisho, kila mmoja katika wale wanne kwa dakika yake. Wanajisikiliza, kila mtu anachagua sentensi yake moja ya kurekebisha na kuirekodi upya. Hakuna intaneti inayohitajika hapo. Rekodi hizo usizisambaze kwenye kundi la WhatsApp la wazazi hata ziwe nzuri kiasi gani. Sauti ya mtoto ni yake, na mpole kama yule binti hatafungua mdomo tena akijua itazunguka. Zikishafanya kazi, zifute. Yule binti, kwa njia, huenda akakushangaza hapa. Wapo watoto wasioweza kusema mbele ya darasa ila wakipewa kifaa na kona ya chumba wanasema.

Ijumaa ya YouTube nitaipita haraka. Video ya dakika tatu inatosha. Mara ya kwanza wasikie sauti tu huku projekta imefunikwa, wakisie wanachosikia; mara ya pili wafungulie picha wajihakiki. Kwa mazoezi ya kusikiliza, pakua mapema vipindi vya BBC Learning English kama 6 Minute English, ambavyo vinakuja na maandishi yake, uvicheze kwa VLC. Programu hiyo ni ya bure, inapunguza kasi bila kuifanya sauti kuwa nzito, na kwenye kompyuta ina kitufe cha kurudiarudia kipande ulichokichagua. Sentensi moja iliyowashinda mkiirudia hadi waikamate ina faida kuliko kipindi kizima kilichowapita masikioni. Na chochote unachotegemea mtandaoni, kiwe kimeshashushwa kwenye kifaa jana yake. Hilo nadhani umeshafundishwa na intaneti yenu.

Kuhusu mkuu wa shule, usigombane na kisanduku. Kijaze. Tatizo ni kwamba kinauliza kifaa gani badala ya kuuliza kifaa kimemfanyisha mwanafunzi nini, na hilo unaweza kulijibu bila kuombwa. Badala ya kuandika "Kahoot!", andika "vishikwambi: kila mwanafunzi anarekodi dakika moja ya simulizi, anasahihisha sentensi moja". Kinasa sauti ni TEHAMA. Saa kwenye projekta ni TEHAMA. Mkuu anayetaka kuonekana wa kisasa mbele ya wageni hatakataa; mkaribishe siku ya rekodi, akae nyuma, asikie watoto 24 wakiongea Kiingereza kwa wakati mmoja. Ni kelele, mwambie mapema ajiandae.

Na akisema vifaa vyenyewe vitaleta matokeo, kuna historia unayoweza kumsimulia kwenye chai. Umoja wa Kisovyeti uliporusha satelaiti ya Sputnik mwaka 1957, Marekani ilishtuka, na mwaka 1958 ikapitisha sheria iliyomwaga fedha kwenye elimu, zikiwemo za maabara za lugha: vibanda vyenye visikilizio, kanda, na wanafunzi wakirudia sentensi baada ya sauti ya kwenye kanda. Vilikuwa vitu vya kujivunia. Baadaye nyingi ziliachwa, kwa sababu mtu anaweza kurudia sentensi mia moja sawasawa bila kuwahi kusema jambo lake mwenyewe. UNESCO nayo, katika ripoti yake ya ufuatiliaji wa elimu duniani ya mwaka 2023 iliyohusu teknolojia, ilitahadharisha kwamba kitu kitangulie kuwa na faida kwa mwanafunzi kabla ya kuingizwa darasani. Jina la UNESCO huwa lina uzito ofisini kuliko langu na lako.

Limebaki la mfuko. Usilipe.

Kadi za maneno zinafanya kazi kwa sababu ya kukumbuka kwa vipindi vinavyoachana: unalirudia neno kesho, kisha baada ya siku kadhaa, kisha baada ya majuma, na ukilikosa linarudi mwanzo. Kanuni hiyo si mali ya kampuni yoyote. Programu ya Anki inaitumia na ni ya bure kwenye kompyuta na simu za Android; sura yake haivutii, nakuonya. Kabla hata ya Anki, watu walikuwa wakifanya hivyo kwa visanduku vya karatasi. Cha kubadilisha ni upande wa kadi. Ikiwa mtoto anaona "went" na kutaja maana yake, ni kutambua kulekule kwa Bingwa. Kadi ioneshe picha au sentensi yenye pengo, naye alitoe neno la Kiingereza kwa sauti kabla ya kuigeuza.

Kazi yako ya wiki hii ni kuyatoa maneno uliyoyaingiza kwenye programu ile wakati bado mlango uko wazi. Yaweke kwenye jedwali la kawaida lenye safu tatu, neno, sentensi, na maana, ulihifadhi kwenye kompyuta na nakala moja kwenye flashi. Anki inalisoma jedwali kama hilo ukilihifadhi kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na siku ambayo hakuna kifaa unaweza kulichapisha, ukawapa watoto mkasi wakate kadi zao.